Dume la Sanya Juu na Kijana Aliyepiga Kila Kitu

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha kidato cha nne, kwamba kijana mmoja wa Sanya Juu alipiga mpira wa magongo ukavuka shamba la mahindi, ukalipata dume la ng'ombe kwenye paji la uso, na dume likafa limesimama. Limesimama, nasema. Aliyenisimulia alisema ilibidi watu wanne walisukume ndipo lianguke lichunwe.

Sikuuliza swali hata moja. Mtu aliyesoma masomo ya jioni miaka minne, akiwa na watoto wawili na baiskeli isiyo na breki, ungetegemea aulize angalau shamba lenyewe lilikuwa na upana gani. Mwalimu wetu wa fizikia angenifukuza darasani. Lakini siku ile nilikuwa natafuta mchezaji mkali, na mtu anayetafuta mchezaji mkali hana muda wa kumpima ng'ombe.

Ninawaandikia ninyi vijana mnaozichukua filimbi zetu sasa, hasa wale wa Pasua mnaofundisha watoto baada ya shule. Kila tukikutana mnaniuliza jambo lile lile: kijana mwenye vurugu kupita kiasi, anayepiga miguu ya watu kuliko anavyopiga mpira, anaweza kuisaidia timu au ataizamisha? Nitawajibu. Ila nikiwajibu kwa neno moja mtaondoka kabla chai yangu haijapoa, kwa hiyo kaeni.

Kazi yangu kwa miaka ishirini na sita ilikuwa magongo. Kwenye karatasi za kiwanda niliandikwa msaidizi wa stoo, na stoo yenyewe niliiona siku ya mshahara tu. Siku nyingine zote nilikuwa uwanjani. Uwanja ule niliuotesha mimi. Ukoka niliuchukua kwenye kingo za mfereji kule Rau, nikaupanda kishina kwa kishina, nikipiga magoti wiki nzima mpaka padri alipopita akadhani nina nadhiri. Nikaufyeka kila Ijumaa, nikaumwagilia, nikafukuza mbuzi wa idara tatu. Mtu akiniuliza nina watoto wangapi, nilikuwa nahesabu na uwanja.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Gurdit, Kalasinga mwenye karakana ya magari mjini. Alizaliwa Moshi, akakulia Moshi, na magongo aliyacheza tangu enzi ambazo mlima, kwa hesabu zangu, ulikuwa bado kichuguu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza alinipa magongo mawili, akaniambia nigonge kila moja kwenye jiwe na nisikilize. Moja lililia kama kengele, lingine kama debe. "Hilo la debe limepasuka ndani," akasema. "Likivunjika uwanjani, kosa lako." Hiyo ndiyo ilikuwa semina yangu ya ukocha. Ninyi siku hizi mnapewa na kalamu.

Miaka ile ya mwanzo gongo jipya lilikuwa adimu kama sukari. Likipasuka tulilipaka gundi, tukalifunga kwa uzi wa katani, juu yake tukazungusha mpira wa ndani wa baiskeli. Nilikuwa na gongo moja lenye viraka vingi kiasi kwamba mbao yake ya asili ilikuwa imebaki kama kumbukumbu. Siku moja nikaona nitumie akili zangu za masomo ya jioni. Nikaloweka magongo yote kwenye oili chafu ya gari ili yasipasuke tena. Hayakupasuka. Ila siku ya mechi hakuna aliyeweza kuyashika. Dakika ya tatu gongo la beki wetu lilimtoka mkononi likatua juu ya bati la bwalo, wapishi wakatoka nje na miiko wakidhani ni mwisho wa dunia. Bwana Gurdit aliniita pembeni akaniambia mafuta hupakwa kwa kitambaa, kidogo, tena siyo kwenye mshikio. Kisha akanituma nipande juu ya bati.

Basi, ikaja miaka ya soko huria. Magongo mapya yakaanza kuonekana madukani, raba zikajaa kwenye mitumba, na kiwanda chetu kikapata mwekezaji. Mwekezaji akatuletea meneja, na meneja akatuletea futi ya kupimia. Nilimkuta asubuhi moja katikati ya uwanja wangu akipima ukoka kwa futi hiyo, karani nyuma yake anaandika. Nikamwuliza kwa heshima zote anatafuta nini. Akasema anatafuta mahali pa kuweka makontena.

Sikumbuki vizuri nilisema nini, ila nilisema kwa muda mrefu. Nilimweleza habari za afya ya wafanyakazi, sifa ya kampuni, mpaka usawa wa maji chini ya ardhi. Meneja alinisikiliza, akatazama saa, akasema: "Mzee Kanuti, leteni kombe la Pasaka. Mkileta kombe, uwanja ubaki. Mkikosa, Jumatano ya baada ya Pasaka makontena yanashuka."

Timu yetu ilikuwa haijachukua kombe la Pasaka tangu nilipokuwa na nywele. Tulikuwa na wachezaji wastaarabu mno. Kipa wetu alikuwa mwanakwaya, aliwapongeza waliomfunga. Ndipo nikasikia habari za dume la Sanya Juu.

Nilikwea basi siku hiyo hiyo. Kijana mwenyewe aliitwa Elia, umri miaka kumi na tisa, nikamkuta kwenye kihamba, shamba la nyumbani kwao, anakatia ng'ombe migomba. Mrefu, mikono kama mitarimbo, na gongo lake limeegemezwa kwenye zizi. Lilikuwa gongo la kuchonga mwenyewe, la mzizi wa mbuni mzee wa kahawa, zito hivi kwamba nililinyanyua kwa mikono miwili. Nikamwambia: "Wewe ndiye yule wa dume?" Nikawahi kutoa kwenye begi jozi ya raba nyeupe, mpya kabisa, nikampa. Akazitazama raba, akanitazama mimi. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu."

Nikaona jibu limetosha.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo kuna kazi. Mtu aliyejifunzia gongo zito la mzizi ukimpa gongo jepesi la dukani atalizungusha kama shoka, kwa sababu mwili wake unasubiri uzito ambao haupo. Dawa yake ni kumshusha mkono wa chini, kumkunja magoti, na kumpa wiki tatu za kusukuma mpira bila kuunyanyulia gongo. Nilijua hayo yote. Bwana Gurdit alikuwa amenifundisha. Lakini mimi sikutaka kumpunguza. Nilitaka dume life. Kila Elia alipokaa vizuri nilimpigia kelele: kumbuka Sanya Juu! Na yeye, kijana mtiifu, anainua gongo.

Mechi ya kwanza alipiga mpira mara mbili na watu mara sita. Mechi ya pili alimpiga mwenzetu mmoja, kwa usawa. Alipata kadi ya kijani, ile ya onyo, akapata ya njano, na mwamuzi mmoja mzee alipekua mfukoni kama anatafuta rangi ambayo haijatengenezwa. Lakini tulikuwa tunashinda, vijana wangu, na hapo ndipo mtego ulipo. Timu pinzani zilikuwa zinacheza mbali na Elia, na mpira ulikuwa karibu na Elia, hivyo uwanja mzima upande wake ulikuwa wazi kama siku ya sensa. Mimi nikajiona bingwa wa mbinu.

Tatizo likawa malalamiko. Watu wa mlimani wana ndugu, na kila mguu ulioumia una wajomba. Hapo nikapata wazo ambalo mpaka leo mke wangu akilikumbuka huweka sufuria chini ili acheke vizuri.

Mnalijua sale, lile jani refu la mti tunaoupanda mipakani mwa vihamba na makaburini. Kwetu Wachagga, mtu aliyekosa akimpelekea aliyekosewa jani la sale lililofungwa fundo, aliyekosewa hawezi kukataa kusamehe. Akikataa, balaa ni lake. Ni jambo zito, watu wamelimalizia ugomvi wa mashamba na wa damu. Mimi nikakata masale kumi na mawili, nikayafunga mafundo nyumbani, nikayapanga kwenye sanduku la huduma ya kwanza kati ya bandeji na spiriti. Elia akimwangusha mtu, nakimbia na sanduku. Kwanza sale, halafu bandeji.

Msicheke, ilifanya kazi. Beki wa Kibosho alilala chini anaugulia, akaona jani, akafumba macho kwa uchungu, akasema kwa sauti ya kukata tamaa kwamba amesamehe. Mjomba wake akatupa fimbo. Wiki iliyofuata wa Marangu walipata habari wakaja na ya kwao. Mechi ile, nawaambieni kweli kabisa, kulikuwa na majani mengi kuliko nyasi. Wao wanapiga, wanaleta sale, sisi tunapiga, tunaleta sale. Ilifikia wachezaji wameyachomeka kwenye soksi, mtu anakupiga ugoko kwa mkono huu na anakuomba msamaha kwa mkono ule. Tulitoka sare, watu wote ishirini na wawili wakichechemea, na hakuna mwenye kinyongo.

Aliyenishtua kidogo ni mama yake Elia. Alishuka kutoka Sanya Juu asubuhi ya fainali kumwona mwanawe, akanikuta nafunga mafundo nyuma ya goli.

"Mwalimu," akasema, "nani amekosewa?"

"Bado, mama. Mechi ni saa tisa."

Akayatazama majani yale moja moja, kama mtu anayehesabu wagonjwa. "Mimi sijawahi kuona sale linakatwa kabla ya kosa," akasema, akaenda kukaa kivulini. Mimi nikalikaza fundo nililokuwa nalo mkononi.

Fainali ilikuwa dhidi ya timu kutoka Dar es Salaam. Ilichezwa kwenye uwanja wangu mwenyewe, meneja ameketi kiti cha mbele, na mimi nikimwangalia naona makontena nyuma ya masikio yake. Bwana Gurdit naye alikuja, mzee wa miaka sabini na mkongojo wake, akakaa mwisho wa benchi. Tulipata bao kipindi cha kwanza. Tukalilinda. Kipindi cha pili nahodha wao, jamaa mfupi mwenye maneno mengi, akachukua mpira katikati akamwambia Elia, "Pisha, mangi, wenye mchezo tupite." Elia akainua gongo.

Mlio wake niliusikia kwenye meno. Nahodha alianguka ameshika ugoko, na mimi kwa mazoea nilikuwa nimeshafika kabla filimbi haijaisha. Nikapiga goti, nikatoa sale lenye fundo, nikalilaza taratibu juu ya mguu wake.

Yule bwana hakuwa wa mlimani. Alilitazama jani, akalitazama fundo, akanitazama mimi nilivyokuwa nimeinamisha kichwa, akasimama kwa mguu mmoja na kukimbia. Sijawahi kuona mtu aliyeumia akikimbia vile. Alifika mstari wa kona kabla ya kugeuka, anawaambia wenzake wasiguse, wamerogwa, wazee wa Moshi wamefunga mechi kwa majani. Timu nzima ikatoka nje ya uwanja. Mwamuzi akanifungulia sanduku, akakuta mafundo kumi na moja yamepangwa kama risasi.

Nilimweleza. Nilianzia kwa mababu. Alikuwa mtu wa Tanga, alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akampa Elia kadi ya njano akapumzike nje, na mimi akanipa nyekundu. Ndivyo nilivyokuwa mtu wa kwanza kwenye mashindano yale kutolewa nje kwa kosa la kuomba msamaha. Masale yakachomwa nyuma ya jukwaa ndipo wageni wakakubali kurudi.

Nikasimama nje, nyuma ya ua wa michongoma, na nikatoboa tundu kwa vidole. Mtaniona mpuuzi, lakini nilikuwa nautazama ukoka kama mtu anayemtazama mgonjwa. Dakika kumi zimebaki, bao moja, kocha nyuma ya miiba. Bwana Gurdit alijisogeza kwenye benchi mpaka alipoketi Elia. Walikuwa karibu nami, nilisikia kila neno.

"Unapenda kupiga watu?" akamwuliza.

Elia akajibu, "Hapana, mzee."

"Basi gongo chini. Ligusane na nyasi. Ukirudi, kila kona fupi yao wewe toka wa kwanza golini, kimbia kwa yule anayepiga. Usipige kitu."

"Nisipige kabisa?"

"Mpira utakuja wenyewe kukupiga wewe. Unaogopa?"

"Siogopi."

"Hiyo ndiyo kazi yako. Nyingine waachie wanaoijua."

Kwa ninyi mnaoanza: kwenye kona fupi mabeki wanasimama mstari wa goli, na mpira ukitolewa mmoja wao anachomoka kumkabili mpigaji ana kwa ana. Wachezaji wastaarabu hawaipendi kazi hiyo. Mpira ule ni mgumu kama jiwe na unakuja usawa wa magoti, na kama ni siku yako mbaya, usawa wa urithi. Pale kijana asiyeogopa ana thamani kuliko washambuliaji watatu, mradi gongo lake limelala.

Muda uliisha wakiwa wamepata kona fupi, na Elia ameshamaliza adhabu yake akarudi uwanjani. Kwa sheria inachezwa mpaka imalizike, hata kama saa imekwisha. Nahodha yule yule, mguu umefungwa, akasogea kupiga. Elia alichomoka golini ameinama, gongo likifyeka majani kama fyekeo langu la Ijumaa. Sikuona mpira. Niliona vumbi, nikasikia mlio wa mbao, ule wa kengele, na mpira ukatambaa nje ya duara la goli polepole kama unaenda nyumbani. Filimbi ikalia. Mimi nilijaribu kupita kwenye michongoma, na alama ninazo.

Nilipofika uwanjani Elia hakuwa kwenye shangwe. Alikuwa amechuchumaa mbele ya nahodha wa Dar, mikono mitupu.

"Nimekuumiza," alikuwa anamwambia. "Nisamehe."

Nahodha akamkagua mifukoni kwa macho. "Huna majani?"

"Sina."

"Basi kaa." Akamsogezea nusu ya soda yake.

Mama yake Elia alikuwa anatazama kutoka kivulini. Aliniitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu anayefunga daftari.

Meneja alitimiza neno. Kombe aliliweka ofisini kwake, na makontena aliyashusha mahali alipokuwa anaegesha gari lake, likachomwa na jua miaka yote aliyokaa nasi. Uwanja ulibaki. Elia akacheza misimu tisa, kazi yake ile ile ya kutoka golini, na kwa misimu yote tisa sikumbuki kadi zaidi ya mbili, zote za kijani, moja ya kubishana kuhusu wakati wa chakula.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, anasaidia, ukimpa mahali ambapo ukali wake unamtanguliza yeye mwenyewe mbele ya mpira, na ukimwondolea sababu ya kuinua gongo. Hilo la sababu ndilo nililochelewa kulielewa, na ndilo ninalotaka mlichukue.

Nililipata mwaka niliostaafu. Elia alikuwa ameshaanza kufundisha watoto pale pale kwenye ukoka wangu, na siku hiyo aliniomba niwape neno. Nikawapa la dume la Sanya Juu. Kufikia hapo, nakiri, shamba la mahindi lilikuwa limekuwa mashamba mawili na mto. Watoto walikuwa wameacha midomo wazi. Nikamgeukia Elia anithibitishie.

"Mwalimu," akasema mbele yao wote, kwa upole, "lile dume lilivimbiwa. Lilikula majani ya maharage mabichi, yana umande. Mimi nilikuwa natoka shule na gongo langu begani, nikasimama kutazama."

Nikamwuliza kwa nini siku ile kwenye zizi hakunikatalia.

"Uliniuliza, halafu ukanipa raba kabla sijajibu," akasema. "Sikuwa nimewahi kuvaa raba mpya. Nikaona kama nazitaka, itabidi niwe nimeua."